Kutoka kitandani hadi shimoni: mhadhara kuhusu taka za huduma za afya

Waganga wafawidhi, wauguzi, wataalamu wa maabara, maafisa afya, na ninyi wahudumu wa usafi mliofika leo, hamjambo.

Nianze na hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka zinazotoka kwenye huduma za afya, kilo 85 hivi ni taka za kawaida kabisa: karatasi, maboksi ya dawa, maganda ya ndizi, chupa za maji. Kilo 15 tu ndizo hatarishi. Shirika hilohilo linasema nchi zenye kipato cha chini hutoa wastani wa kilo 0.2 za taka hatarishi kwa kitanda kwa siku. Chukueni kituo cha afya chenye vitanda 24: hapo tuna kilo 4.8. Kichomea taka cha matofali cha aina ya De Montfort huchoma kilo 12 hivi kwa saa kikishapata moto, kwa hiyo taka hatarishi za siku nzima zingeisha ndani ya nusu saa.

Sasa changanyeni. Pamba yenye damu ikitupwa juu ya maboksi na maganda, ndoo nzima inabidi ihesabiwe kuwa ya kuambukiza, na zile kilo 4.8 zinageuka kuwa 32. Mchomaji atasimama kwenye moshi karibu saa tatu, kuni hazitatosha, na kesho yake ataanza kulimbikiza. Lile rundo nyuma ya kituo, lenye mabomba ya sindano na kuku wanaochakura juu yake, watu hulilaumia kichomea taka. Mimi nasema nendeni kwanza wodini mkatazame ndoo.

Kutenganisha ni kazi ya yule anayetupa, palepale anapotupa, na hakuna wa kumfanyia baadaye. Mhudumu wa usafi asiambiwe kamwe kupangua mfuko uliokwisha kuchanganywa. Mfuko huo wote unahesabiwa kwenye kundi la hatari zaidi lililomo. Rangi mnazijua: nyeusi au buluu kwa taka za kawaida, njano kwa za kuambukiza kama bandeji na glovu zenye damu, nyekundu kwa zile za kuambukiza zaidi, kama viungo na sahani za maabara zilizooteshwa vimelea. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni umbali. Muuguzi aliyeshika pamba yenye damu hatembei hatua 10 kutafuta ndoo ya njano wakati nyeusi iko miguuni pake. Wekeni ndoo zikiwa jozi, pamoja, kila mahali penye huduma. Na mifuko ya rangi ikiisha stoo, msitumie mfuko mweusi kwa taka za njano hata siku moja bila kuufunga utepe na kuuandika, maana mzoaji husoma rangi, hasomi nia yenu.

Sindano nataka tukae nazo kidogo. Sefti boksi ya lita 5, lile boksi la karatasi ngumu la kutupia sindano zilizotumika, hubeba mabomba 100 hivi pamoja na sindano zake, na hufungwa ikijaa robo tatu. Ile robo ya juu inayobaki ndiyo inayokinga vidole vya mtu wa mwisho kutupa. Ikishafika ukingoni, mtu huanza kusukuma kwa kiganja, na sindano iliyosimama wima ndani inampata. Tazameni pia namna inavyokunjwa. Vile vipande vya chini visipoingia kwenye mikato yake hadi mwisho, boksi hushikilia vizuri likiwa mezani, kisha kitako hufunguka likiinuliwa. Likiwekwa sakafuni na sakafu ikapigwa deki, karatasi hulowa na sindano hutoboa. Liwekwe juu ya meza au kwenye kishikio, karibu na mkono wa anayechoma sindano, mbali na watoto. Sindano isifunikwe tena kifuniko chake baada ya kutumika, isichomolewe kwenye bomba kwa mkono, na boksi likishafungwa lisifunguliwe na mtu yeyote. Vichupa vya dawa na ampuli tupu ambazo hazijavunjika visiingizwe humo. Vina chombo chake kigumu, na sababu yake nitaieleza tukifika kwenye moto.

Kuhusu klorini: mchanganyiko wa asilimia 0.5 ni wa kusafishia damu iliyomwagika na nyuso zilizochafuka. Ukiwa na Jik, yaani klorini ya maji ya dukani, ya asilimia 3.5, gawa 3.5 kwa 0.5, unapata 7, ondoa 1: kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 6 vya maji. Ukiwa na unga wa klorini wa asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita, yaani gramu 70 kwa ndoo ya lita 10. Uchanganywe upya kila siku na ukae kwenye chombo chenye kifuniko, kwa sababu jua na uchafu huuondolea nguvu. Ila nawaomba muache kumwagia klorini mabomba ya sindano na mifuko ya njano kabla ya kuchoma. Mnaongeza kemikali ileile ambayo, ikiingia motoni, husaidia kuzaa gesi chungu ya asidi na sumu za dayoksini.

Mifuko ikishafungwa, isikae. Kwenye joto letu, taka za kuambukiza zisizidi saa 48 kipindi cha baridi na saa 24 kipindi cha joto kabla ya kutibiwa. Zisafirishwe kwa toroli lenye kifuniko, zisiburutwe, na zisipitie jikoni.

Sasa moto. Kichomea taka cha De Montfort kina vyumba viwili. Taka huwekwa kwenye cha kwanza, juu ya chanja. Moshi wake hauendi moja kwa moja kwenye dohani. Hupita kwenye tundu kuingia chumba cha pili, ukakutana na hewa mpya na kuungua tena, ndipo upande juu kwenye dohani. Kazi ya kichomea taka yote iko kwenye chumba hicho cha pili. Kikiwa baridi, mna jiko tu la kutawanyia sumu. Ndiyo maana huwashwa kwa kuni kavu nusu saa hivi kabla ya taka yoyote kuingia, mpaka matofali yapate moto, na lengo ni kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Halafu taka hulishwa kidogo kidogo, sefti boksi zikipishana na taka kavu. Ukitupa mfuko mzima wa pamba zilizolowa, moto hutumia nguvu yake kukausha maji na joto linashuka. Dohani yenyewe itakwambia: moshi mweusi mzito maana yake umelisha kupita kiasi au hujapasha vya kutosha, na dawa ni kuacha kulisha, kuongeza kuni na kusubiri.

Vichupa vya kioo vilivyofungwa hupasuka humo ndani na kumrukia mchomaji anapofungua mlango. Vingine huyeyuka, vikatiririka na kuziba chanja. Chanja ikiziba, hewa haipiti kutoka chini, na kuanzia siku hiyo kila mchomo ni wa moshi mweusi. Mipira ya dripu na mifuko ya damu mara nyingi ni ya plastiki ya PVC, yenye klorini ndani yake. Hiyo itengwe isichomwe humo. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi kupunguza dayoksini hizi, na vichomea taka vikubwa vinavyokubalika kimataifa hupasha chumba cha pili hadi nyuzi 850 au 1,100 na kusafisha moshi kabla haujatoka. Hiki chetu cha matofali hakisafishi moshi. Kwa maoni yangu ni chombo cha kutuvusha, tukitumie vizuri huku tukitafuta kingine.

Pa kukijenga nako ni suala. Pwani, upepo hugeuka. Dohani iliyopangwa wakati wa kusi, moshi ukaonekana unaenda vizuri porini, kaskazi ikianza itapuliza moshi uleule kwenye madirisha ya wodi ya wazazi. Ulizeni wavuvi au wakulima wa hapo upepo wa miezi yote kabla ya kumwaga msingi. Majivu yatolewe yakishapoa, kesho yake, kwa koleo refu. Sindano za chuma hubaki ndani ya majivu, zimekufa vimelea lakini bado zinachoma, kwa hiyo majivu huenda kwenye shimo lake lililojengewa na kufunikwa, wala hayamwagwi shambani.

Hicho kingine ninachokisema ni otoklevu, yaani mashine ya kuua vimelea kwa mvuke. Tanzania, Ghana, Madagascar na Zambia zilishiriki mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuingiza teknolojia zisizochoma, na njia hii inafaa sana hospitali zenye umeme na maji ya uhakika. Kipimo cha chini ni nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa mzigo mdogo, na mifuko mikubwa huhitaji hadi saa nzima. Adui wa otoklevu ni hewa. Mvuke unaua kwa kugusa. Panapobaki hewa katikati ya mfuko uliobanwa, geji ya shinikizo itasoma vizuri huku katikati ya mzigo bakteria wako salama. Kwa hiyo msishindilie, na midomo ya mifuko ilegezwe kabla ya kuingia.

Walioko nyanda za juu wasikilize hapa. Geji huonyesha shinikizo lililozidi la hewa ya mahali ulipo. Dar es Salaam, psi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwenye geji hukupa nyuzi 121. Ukipanda kwenye mita 1,800, hewa ni nyepesi, na psi 15 hizohizo hazifiki 119. Ongezeni nusu psi kwa kila mita 300, maana yake kwenye mwinuko huo mfanye kazi kwa psi 18, kama mtengenezaji wa mashine anaruhusu. Mashine yenye kipimajoto chake yenyewe inawaondolea shida hii.

Utepe wa otoklevu unaobadilika rangi unathibitisha tu kwamba joto lilifika. Kujua kama vimelea vimekufa, tumieni kichupa cha mbegu za bakteria Geobacillus stearothermophilus. Kizikeni katikati ya mzigo mgumu zaidi, kisha kitoeni, kivunjeni kwa namna yake na kukiweka kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60 pamoja na kingine ambacho hakikuingia mashineni. Aina iliyozoeleka ina maji ya zambarau. Cha pili lazima kigeuke njano, maana mbegu zake zi hai. Cha mashineni kikibaki zambarau, mzigo umetibiwa. Vyote viwili vikiwa njano, mzigo haukutibiwa. Vyote viwili vikibaki zambarau, kipimo chenyewe ni kibovu, na hapo wengi hukosea wakafurahia. Na msiweke humo kitu kilicholoweshwa klorini, wala kemikali, wala dawa za saratani, wala zebaki.

Shimo la kondo la nyuma linaharibiwa zaidi na wema kuliko uzembe. Harufu ikitoka, mtu anamwaga klorini. Kumbe mle ndani kuna bakteria wanaoozesha, na mkiwaua, kondo hukaa tu na shimo hujaa mapema. Kwa makadirio ya kupanga, hesabuni lita 5 kwa kila uzazi, damu na maji yake ikiwemo. Kina cha mita 2 hadi 3, pete za zege, kifuniko kinachofungwa kwa kufuli, bomba la kutolea hewa lenye wavu wa kuzuia nzi, na kitako kikae angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Glovu na mifuko ya plastiki visitumbukizwe humo, kwa kuwa haviozi. Harufu ikizidi, kagueni bomba na kifuniko.

Dawa zilizoisha muda hamchomi wenyewe. Ziandikwe, zitengwe, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wahusishwe. Kipimajoto cha kioo kina karibu gramu moja ya zebaki. Kikivunjika, ufagio hutawanya matone. Fungueni madirisha, sogezeni matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yawekwe kwenye chupa yenye maji na kifuniko.

Limebaki la mtu anayebeba mifuko. Chanjo ya homa ya ini B, dozi 3 kwa mwezi 0, 1 na 6, ianze kwake, kabla ya ofisi. Sindano yenye damu ya mgonjwa inaweza kuambukiza homa ya ini B hadi mara 30 kati ya 100 kwa asiyechanjwa, homa ya ini C karibu mara 1.8, na VVU karibu mara 0.3. Apewe glovu nene, aproni, gambuti na miwani. Zile glovu nyembamba za kupimia wagonjwa hazizuii sindano. Akichomwa, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, asipake klorini. Apelekwe saa hiyohiyo kupewa dawa za kinga dhidi ya VVU. Hufanya kazi zaidi zikianza ndani ya saa chache, hazianzishwi baada ya saa 72, na humezwa siku 28. Kisha tukio liandikwe: saa, chumba, aina ya sindano, na mfuko iliokutwa ndani yake, kwa sababu bila hilo la mwisho hamtajua ni wodi ipi ya kurekebisha.