Kiu Ndani ya Maji: Mikoko Inavyoishi na Chumvi

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mmeniomba nizungumzie namna mimea inavyomudu mazingira yake. Vitabu vya shule hupenda kuanza na mimea ya jangwani. Mimi nitabaki hapa pwani, maana kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji tuna miti iliyosimama majini na bado ina kiu.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji huelekea palipo na chumvi nyingi zaidi, ndiyo osmosisi. Mwagilia mchicha maji ya bahari, utaona unanyauka huku udongo umelowa, kwa sababu maji yanautoka badala ya kuuingia. Mti unaotaka maji matamu kutoka baharini unapaswa kuyavuta kwa nguvu inayopita mara 25 ya kanieneo ya hewa.

Nguvu hiyo miti hii inaipata wapi? Inatoka juani. Maji yakipotea hewani kupitia stomata, yaani vitundu vidogo mno vya majani, huyavuta yaliyo nyuma yake, uzi mmoja usiokatika kutoka jani hadi mzizi. Mwaka 1965 mwanasayansi Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo vya mvuto huo. Walifungia tawi lililokatwa ndani ya chemba ya chuma, wakaongeza gesi mpaka utomvu ukatokeza kwenye mkato; kanieneo ya gesi hiyo ni sawa na mvuto uliokuwamo tawini. Kwenye mikoko mvuto ulizidi mara 30 ya kanieneo ya hewa. Kwangu mimi hicho ni kati ya vipimo vizuri kuliko vyote vilivyowahi kufanywa kwenye mimea: rahisi, na kinajibu swali zima.

Miti hii yote twaiita mikoko, lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya miguu, huizuia chumvi mlangoni. Mizizi yake huacha nje zaidi ya asilimia 90. Jirani yake mchu, mti mwingine wa mikokoni, huruhusu nyingi zaidi iingie, kisha huitoa kwa tezi zilizo kwenye majani. Lambeni jani la mchu siku ya jua kali mtaionja. Njia zote mbili zina gharama. Mti unaobana maji hufunga stomata mapema, na stomata zikifungwa kabonidayoksaidi haiingii, usanisinuru unapungua, na mti hukua polepole. Anayekata boriti leo anakata kazi ya miaka mingi.

Shida ya pili ni hewa. Tope la mikokoni halina oksijeni. Ndiyo maana linanuka yai viza. Mizizi ni hai na inahitaji kupumua. Mchu huchomoza vijiti vyembamba juu ya tope, mkoko husimama juu ya mizizi ya miguu, na yote ina vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Maji yakijaa, oksijeni iliyomo mizizini hutumika na kanieneo ya ndani hushuka. Yakipwa, hewa mpya hufyonzwa ndani. Scholander huyohuyo, mwaka 1955, aliziba vitundu vya mkoko wa Amerika kwa grisi. Oksijeni mizizini ilishuka kutoka zaidi ya asilimia 15 hadi karibu asilimia 2 kwa siku mbili.

Sasa niseme linaloniuma. Tunapanda sana mikoko siku hizi, na nafurahi. Lakini watu huchukua miche ya mkoko kwa kuwa ni rahisi: mbegu huota ikiwa bado mtini, hurefuka hata kupita nusu mita, kazi yako ni kuichomeka. Kisha huichomeka chini kabisa, kwenye tope tupu linalofunikwa na maji karibu muda wote, kwa sababu pale hapana mwenye shamba. Mche ule bado hauna mizizi ya miguu. Unakosa hewa, unakufa.

Ukingo ule wa mbele ni wa mlilana, aina nyingine ya mikoko, wenye vijiti vinene vya kupumulia. Mkoko uwekwe nyuma yake, na mchu uko radhi hata kule juu kunakofikiwa na bamvua peke yake, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambako jua hukausha tope na chumvi kuzidi ya baharini. Kabla ya kuchimba, nendeni maji yakiwa yamepwa mwangalie ni mti gani ulioota wenyewe pale, na maji hukaa kwa saa ngapi.