Gari la Waya na Kaunta Buku

ZAINA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mwenzangu Mbwana kaingia studio na kiroba cha unga, na ndani si unga. Kagoma kukifungua tangu asubuhi.

MBWANA: Nilikuwa nasubiri uwashe maiki. Haya, tazama.

ZAINA: Masalale! Gari la waya! Umelitoa wapi?

MBWANA: Nyumbani Muheza, stoo, nyuma ya magunia. Paa linavuja, nikaenda kumsaidia Mama kuhamisha vitu. Nikadhani ni mtego wa panya, kumbe basi langu.

ZAINA: Waelezee wasiokuwepo.

MBWANA: Bodi ni waya wa bindingi, ule mafundi wanaofungia nondo. Maungio nilikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Umekauka, ukiugusa unakatika. Magurudumu ni ndala, matatu ya bluu, moja la kijani. Na huu waya mrefu uliopindwa duara huku juu ndio usukani. Unashuka mpaka ekseli ya mbele. Zungusha hapa... umeona tairi zinavyokata kona?

ZAINA: Bado zinakata! Hilo la kijani vipi?

MBWANA: Hilo lina kesi. Tutalifikia.

ZAINA: Enhe. Mwaka mzima unaniambia "naanza kuandika Jumatatu". Gari linaingiaje hapo?

MBWANA: Dada Zaina, nilinunua kaunta buku la kwaya tatu. Ukurasa wa kwanza nikaandika tarehe. Basi. Sasa siku ile nikalisukuma uani, nione tu kama linakwenda. Mdomo ukaanza wenyewe: "Hale, Segera, Korogwe, Mombo! Mama mwenye kuku, sogea nyuma!" Mtu wa miaka 38.

ZAINA: Mama je?

MBWANA: Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaduwaa. Yule mama mwenye kuku nilikuwa naye tangu darasa la tatu! Alikuwa anampelekea mkwewe Mombo yule kuku, na kila jioni naendelea nilipomwachia jana. Mara basi limekwama, mara kuku katoroka Hale. Nilijiona dereva, kumbe natunga.

ZAINA: Mimi nilikuwa na mwanasesere wa gunzi, nywele namsuka kwa ndevu za hindi. Mkorofi huyo! Makosa yangu yote aliyafanya yeye. Sasa kwa nini uliacha?

MBWANA: Kidato cha pili. Insha ya safari ya likizo, nikamweka yule mama na kuku wake. Ikarudi na wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada." Tangu hapo nimekuwa mtu wa ndani ya mada. Dokezo, ripoti, barua za ofisi.

ZAINA: Ofisi si kisingizio. Shaaban Robert, wa huko huko Tanga kwenu, alikuwa karani wa forodha, 1926 mpaka 1944.

MBWANA: Usinitajie Shaaban Robert, nitaacha tena! Nina kurasa 11 tu. Watoto wakilala, naliweka gari mezani, nasimulia kwa sauti, simu inarekodi. Kuandika baadaye. Nikianza na kalamu anakuja karani, nikianza na mdomo anakuja konda.

ZAINA: Haya, kesi ya kijani.

MBWANA: Ndala ya Baba. Mpya, hajaiendea msikitini hata Ijumaa moja. Nikakata gurudumu moja, kisu kikagoma, iliyobaki nikaitumbukiza chooni. Nikasema mbwa wa jirani kaichukua.

ZAINA: Akaamini?

MBWANA: Alimfuata jirani usiku ule ule. Wiki mbili hawakusalimiana. Hiyo ndiyo sura ya kwanza.

ZAINA: Mbwana. Baba si huwa anasikiliza kipindi hiki?

MBWANA: ...Hapa tutakata, au siyo?