Kumsomesha Mtoto Nyumbani Texas: Barua Kwanza, Kisha Silabi

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za mchana. Najua wapo mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala. Asanteni sana.

Nimeombwa nieleze mtu aanzeje kumsomesha mtoto nyumbani hapa Texas. Naanza na kosa langu, maana nawaona wengi wakilirudia. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka saba. Jumatatu sikumpeleka shule. Jumanne vilevile. Kwangu mimi uamuzi ulikuwa umeshapita, basi. Siku ya nne nikapigiwa simu na shule: mtoto wako ni mtoro, na utoro unaweza kufika mahakamani. Mwili ulinitetemeka. Sisi ambao karatasi zetu za uhamiaji bado ziko mezani kwa watu, tukisikia neno mahakama hata chakula hakipiti. Barua niliyoiandikia shule jioni ile ndiyo nilitakiwa niiandike wiki moja kabla: jina la mtoto, tarehe ya kumtoa, kwamba kuanzia siku hiyo anasomeshwa nyumbani, na sahihi yangu. Nakala ninayo mpaka leo. Kwa hiyo barua itangulie, ndipo mtoto abaki nyumbani.

Sheria ya hapa inataka mtoto awe shuleni tangu miaka 6 mpaka atimize 19. Nyumba inayofundisha kwa dhati inahesabiwa kuwa shule ya binafsi. Haki hiyo imepiganiwa. Miaka ya themanini wazazi walikuwa wakishtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watoto wao. Mwaka 1985 wakafungua kesi, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas ikawapa ushindi katika kesi ya Leeper dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington. Unachotakiwa ni kufundisha kweli, siyo kwa kisingizio, kwa mtaala unaoonekana kwa macho, yaani vitabu, madaftari au video, na masomo matano yawemo: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Sayansi na historia hazimo kwenye orodha hiyo. Mimi nafundisha zote mbili na nawasihi nanyi mfundishe. Idadi ya saa haikutajwa, mtihani wa serikali haupo. Ndiyo maana mama wa zamu ya usiku anaweza kufungua darasa saa tisa alasiri akiwa ameshalala.

Lakini ukihamia jimbo jingine, uliza upya. Pennsylvania, kwa mfano, kila mwaka unapeleka hati ya kiapo, na kazi za mtoto unazihifadhi zikaguliwe. Na kama mtoto wako anapata huduma maalumu shuleni, labda mtaalamu wa matamshi, uliza kwa maandishi kabla ya kumtoa: itabaki ipi, itakatika ipi. Hili msilipuuze.

Sasa hofu kubwa, ile mnayoninong'oneza mlangoni: "Dada, Kiingereza changu chenyewe hiki, nitamfundisha nini?"

Mfundishe kusoma kwa Kiswahili. Nasema hivi kwa moyo wote. Lugha yetu ina irabu tano, na kila moja inatamkwa vilevile popote uikute. Ba, be, bi, bo, bu. Mtoto akishazishika silabi, anasoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa Kiingereza anakutana na *knife* yenye k isiyosikika, anakutana na *though* na *tough*, mwishoni herufi zilezile *ough*, sauti mbali mbali, na anaanza kudhani hana akili. Mwanangu alikuwa ameshafika hapo; akiona kitabu anauma kola ya shati. Tulikiweka Kiingereza pembeni, tukarudi kwenye ba na be, dakika ishirini kwa siku. Alipoelewa kwamba herufi zinasema kitu, tulikirudia Kiingereza na hofu ilikuwa imepungua sana. Bado *though* ilimsumbua. Lakini alikuwa akiuliza, halii tena.

Hesabu ni hivyohivyo. *Eleven* haimwonyeshi mtoto kitu. Kumi na moja inamwonyesha: kuna kumi, kuna moja. Mwekee maharage mezani, fungu la kumi na punje pembeni, ahesabu kwa sauti. Ishirini na thelathini atazikariri tu, maana tumezichukua kwa Waarabu, lakini ishirini na tatu inajieleza yenyewe.

Vitabu visiwaumize kichwa. Kadi ya maktaba ya umma ni bure, na tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili ambazo unazisoma kwenye simu bila kulipa. Wiki mbili za kwanza msinunue mtaala wowote. Wapo wanaotumia dola mia nne siku ya kwanza, halafu vitabu vinakaa kabatini. Someni pamoja kwa sauti, umwangalie mtoto: anachoka saa ngapi, anapenda nini, amekwama wapi. Ukishajua hayo, ndipo ununue.

Pale mezani nimeweka nakala za barua. Sehemu ya tarehe nimeiacha wazi. Ichukueni, mkaijadili kwanza na baba watoto, na siku mtakayoijaza hakikisheni shule imethibitisha kuipokea. Mama mwenye kitenge cha njano, nimekuona. Karibu uulize.