Sweta la Februari

Wazazi na walimu, ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na binti mmoja wa hapa hapa Mombasa, mwanafunzi wa sekondari. Mwezi wa Februari, joto lile mnalolijua, yeye amevaa sweta, mikono ameivuta hadi vidoleni. Walipogundua anajikata, aliitwa ofisini akakunjwa mikono ya sweta mbele ya watu wanne. "Una pepo wewe?" Kujiumiza hakuacha. Alichoacha ni kusema.

Nasikia watu wakisema, "Anatafuta kiki." Jamani, mwenye kutafuta kiki huvaa sweta Februari?

Wengi wa vijana wanaojikata hawataki kufa. Wamejaa aibu, hasira au huzuni isiyo na pa kutokea, wanatafuta nafuu. Nafuu yenyewe haidumu, na ikiondoka huacha aibu nyingine. Lakini msipuuze: anayejidhuru yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye. Muulizeni waziwazi, "Unafikiria kufa?" Swali hilo halimtii wazo kichwani. Na dawa za nyumbani zifungieni, bila makeke.

Tiba ipo. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, alilazwa hospitalini mwaka 1961 akiwa na miaka 17, akijidhuru vibaya. Alikuja kubuni tiba inayotumika leo katika nchi nyingi. Yaliyompata aliyasema hadharani mwaka 2011 tu. Tiba hiyo humfundisha kijana kustahimili wimbi la hisia bila kulitii. Sisi wa pwani tunajua: maji yakijaa, yana saa yake ya kupwa. Kwa vijana, mzazi naye huingia darasani. Hapo ndipo akina baba wengi hunikimbia!

Kuna waliokuwa wakiogopa hospitali kwa sababu ya polisi. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mpelekeni hospitali.

Yule binti? Mamake aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia, "Mwanangu, nimeona. Sikukasirikii. Ukiwa tayari, niko." Siku tatu kimya. Ya nne akamfuata jikoni, akachukua mbuzi, akaanza kukuna nazi. Wakazungumza hadi wali ukaungua.