Kunyamazishwa Si Kunyamaza

Ndugu zangu, hili nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti, na leo nalirudia: umeme kumkatisha mtu maneno si ushahidi kwamba tumeiona breki ya ubongo, yaani sehemu inayomwezesha mtu kujizuia. Gari likizimika njiani, nani husema dereva amefunga breki? Lakini mgonjwa akiguswa ubongo kwa waya akakatika kauli, tunatangaziwa kuwa kituo cha kunyamaza kimepatikana. Jamani!

Twendeni Montreal, Kanada, kwa Wilder Penfield, daktari mpasuaji wa ubongo. Wagonjwa wake wa kifafa aliwapasua wakiwa macho, kwa ganzi ya kichwani tu, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu. Aligusa gamba la ubongo kwa mkondo mdogo wa umeme ili ajue sehemu za lugha asije akazikata. Mgonjwa mmoja alikuwa akionyeshwa picha azitaje. Ikaja ya kipepeo, na umeme uko juu ya ubongo. Kimya. Akaalisha vidole kama mtu aliyeudhika. Umeme ulipoondolewa akasema: kipepeo! Akaeleza kwamba neno hilo lilimkataa, akajaribu kutafuta neno nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo, nalo halikuja.

Mtazameni vizuri mtu huyu. Mdudu amemtambua. Vidole vinafanya kazi. Anajua hata nani anafanana na kipepeo. Na anataka kusema, anataka sana! Hakuna alichokizuia, amefungiwa njia. Halafu mtu aniletee kisa hiki kama mfano wa kujizuia?

Najua atakayesema kimya ni kimya, kiwe cha hiari au cha waya. Hapana. Kujizuia ni kazi, na kazi hiyo inapimika. Mwaka 1984 watafiti Gordon Logan na William Cowan waliieleza kama mbio. Unabonyeza kitufe kila uonapo alama. Mara mojamoja, baada ya alama, unasikia mlio wa kukwambia acha. Amri mbili zinashindana humo kichwani, na itakayowahi ndiyo itakayotawala kidole. Kwa kijana mwenye afya, amri ya kuacha huhitaji kama robo ya sekunde, pengine pungufu. Mlio ukichelewa, kidole kimeshabonyeza, mwenyewe atake asitake. Wanaomkaripia kila aliyeropokwa waifikirie hiyo robo ya sekunde.

Ushahidi ninaoudai mimi ni huu: vuruga breki, uone gari likishindwa kusimama. Mwaka 2006 mtafiti Christopher Chambers na wenzake walifanya hivyo kwa mipigo ya sumaku, bila kufungua fuvu, upande wa kulia wa mbele ya ubongo, sehemu ya chini. Watu wakazidi kushindwa kuacha. Na mwaka 2008 picha za ubongo zilionyesha kuwa eneo hilohilo hufanya kazi mtu anapozuia ulimi na anapozuia kidole.

Muda unanibana, lakini kuna jambo moja la hospitalini. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaotetemesha mikono, siuachi. Kumtibu mgonjwa, waya wa umeme hupandikizwa ndani kabisa ya ubongo, mara nyingi kwenye kifungu kidogo kiitwacho kiini cha subthalamiki, nacho ni sehemu ya breki hii. Mikono hutulia, lakini wapo ambao matamshi huharibika, na wapo wanaoamua kwa pupa pale pa kusita. Nyumbani wanaambiwa wamebadilika tabia. Kabla ya kulaumu tabia, kiwango cha umeme wa waya huo kiangaliwe. Daktari hukirekebisha kwa kifaa cha nje, bila kisu. Kliniki inayompima mgonjwa mikono tu, isimuulize neno juu ya ulimi wake na maamuzi yake, imempima nusu.