Mto Zigi Unaanzia Shambani kwa Mtu

SAUMU: Assalamu alaikum na karibuni tena kwenye kipindi. Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Mimi ni Saumu, niko na kaka yangu Mbwana, tuko hapa hapa Tanga mjini. Leo tunazungumzia maji, ila hatutakaa kwenye mabomba na mita. Tunapanda juu, yanakotoka.

MBWANA: Ahsante dada Saumu. Wagosi, salaam. Ukimuuliza mtu wa Makorora au Chumbageni hapa mjini maji yake yanatoka wapi, atakwambia Mowe. Sawa, lakini Mowe ni mtambo wa kusafishia tu. Mowe inapokea kutoka bwawa la Mabayani, Mabayani linajazwa na mto Zigi, na Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki, kule Amani, wilaya ya Muheza.

SAUMU: Na kule juu wengi wetu tunadhani ni msitu mtupu.

MBWANA: Ndiyo nilipotaka kuanzia. Msitu upo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, zaidi ya hekta 8,000. Mvua kule ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini baina ya msitu na msitu kuna vijiji, kuna mashamba ya chai, iliki, karafuu, magimbi, migomba. Mto Kihuhwi unapita katikati ya watu, na ukitoka hapo unaingia Zigi. Kwa hiyo maji unayochota asubuhi Ngamiani yamepita kwenye shamba la mtu. Mtu huyo humjui, na yeye hakujui.

SAUMU: Akilima vizuri unakunywa vizuri.

MBWANA: Na akilima hadi kingo za mto, masika yakianza tunaletewa udongo wake. Mto unakuwa mwekundu kabisa. Pale mtamboni tope likizidi, shabu ya kugandishia uchafu inatumika zaidi, vichujio vinaziba haraka, vinaoshwa mara kwa mara, na kila kimojawapo kina gharama. Hilo ndilo la karibu. La mbali ni kwamba udongo uliobaki unatulia chini ya bwawa. Mwaka huu kidogo, mwakani kidogo. Bwawa kwa juu unaliona lile lile, kumbe kina kinapungua.

SAUMU: Sasa nitasema anachosema kila mtu: si kuna sheria? Mita 60 kutoka mtoni hakuna kulima wala kujenga.

MBWANA: Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari, hairuhusiwi shughuli ya kibinadamu iliyo ya kudumu, au inayoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Ni sheria nzuri na mimi naiunga mkono. Lakini hebu tuipeleke shambani. Ekari moja, dada, tunaipimaje?

SAUMU: Hatua sabini kwa sabini.

MBWANA: Hatua sabini kwa sabini. Ukiigeuza kuwa mita ni kama 64 kila upande. Sasa chukua mama mwenye ekari moja tu aliyoachiwa na wazazi wake, imepakana na mto. Toa mita 60. Amebakiwa na nini?

SAUMU: Mita nne! Ukanda wa mita nne.

MBWANA: Tuta moja la mihogo. Huyo mama ukimpelekea karatasi ya sheria peke yake, atafanya moja kati ya mawili: atalima usiku, au atasubiri afisa aondoke. Na mimi siwezi kumlaumu, ana watoto wa kulisha. Sheria inamwambia asifanye nini. Haimwambii watoto watakula nini.

SAUMU: Ndiyo maana mimi naupenda ule umoja wa wakulima wa kule, UWAMAKIZI. Kwa wasioufahamu, ni Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi. Ni wakulima wenyewe walioungana kando ya mito hiyo, na Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, imekuwa ikishirikiana nao. Yaani anayeuza maji mjini amekaa chini na anayelima yanakoanzia. Kwangu mimi huo ndio ushirika wa kweli, kwa sababu kila upande una kitu unachokihitaji kwa mwenzake.

MBWANA: Na wakulima wanahitaji nini? Hapa naomba tusiharakishe. Chukua iliki. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mtu anaingia msituni, anafyeka vichaka vya chini, anapunguza miti, anaacha mikubwa. Kwa nje unaona msitu bado upo. Lakini ile miche midogo ya miti, ambayo ingekuja kurithi mikubwa, imefyekwa yote. Baada ya miaka kadhaa iliki inachoka na mavuno yanashuka. Hapo sasa miti iliyobaki inakatwa, panapandwa mahindi au magimbi, na mlima unabaki wazi mvua ikija.

SAUMU: Kwa hiyo ukimwambia apande kitu kingine, kiwe kitu kinachomlipa huku kikishika udongo.

MBWANA: Ndiyo maana mdalasini ni rafiki mkubwa wa mto. Umewahi kuona unavyovunwa? Anakata shina, anachuna gome lote, anaanika. Kisiki anakiacha, nacho kinachipua tena. Mizizi haing'oki ardhini hata siku moja. Amevuna, ameuza, na udongo haujatikisika. Pilipili manga vilevile, inataka mti ulio hai ipande juu yake, basi mti unapona kwa sababu una kazi. Karafuu ni mti wa miaka mingi. Kwenye ukingo wenyewe unaweza kuweka majani ya kulishia ng'ombe wa zizini. Yule mama wa ekari moja akipata ng'ombe mmoja wa maziwa, ule ukanda wa mto unampa chakula cha ng'ombe bila kushika jembe.

SAUMU: Na mizinga ya nyuki.

MBWANA: Na nyuki, naam, ingawa hapo lazima kuwe na mtu wa kununua asali kwa uhakika. Nimeona mizinga mingi inatundikwa kwa picha, halafu hakuna anayerudi kuuliza asali imekwenda wapi. Hiyo inaniumiza, kwa sababu mkulima aliyevunjwa moyo mara moja hakusikilizi tena.

SAUMU: Haya, na pesa? Maana mche, ng'ombe, bwana shamba wa kuzunguka, vyote ni pesa.

MBWANA: Tanga tuna mfano mkubwa. Mwaka 2024 Tanga UWASA walitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo wa miradi inayojali mazingira, shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam. Watu waliikopesha mamlaka ya maji ili miundombinu ipanuliwe hapa jijini, Muheza, Pangani na Mkinga. Najivunia sana hilo kama mtu wa Tanga. Ninachokitaka mimi ni kwamba tunapohesabu miundombinu ya maji, mteremko wa Kihuhwi uhesabiwe humo. Bomba linapata mkopo kwa sababu lina risiti. Shamba la mdalasini kule juu linafanya kazi ile ile ya kutuletea maji safi, ila halina anayeliandikia bajeti ya miaka kumi. Linapewa mradi wa miaka mitatu, mradi unaisha, gari linaondoka.

SAUMU: Kuna jiji lililofanya hivyo, kuwalipia watu wa juu?

MBWANA: New York. Maji yao mengi yanatoka milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, mbali na jiji, kwenye mashamba ya watu binafsi. Mwaka 1997 walitiliana saini makubaliano, jiji upande mmoja, miji midogo na vijiji vya kule juu upande wa pili, pamoja na jimbo, serikali kuu na vikundi vya mazingira. Badala ya kujenga mtambo mkubwa wa kuchujia, jiji likaweka pesa kwenye ardhi yenyewe: kusaidia wakulima, kutengeneza mifumo ya majitaka, kununua ardhi kwa mwenye kutaka kuuza. Na wana utaratibu mmoja naupenda. Mwenye shamba anauza ile haki ya kujenga tu. Shamba linabaki lake, analima, anarithisha, lakini nyumba za kuuza hazitajengwa pale tena, hata akija mnunuzi mwingine.

SAUMU: Kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, kwa hiyo huwezi kuleta utaratibu ule kama ulivyo.

MBWANA: Huwezi, na wala huhitaji. Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kijiji kinaweza kufanya mpango wa matumizi bora ya ardhi, hapa makazi, hapa malisho, hapa chanzo cha maji, ukapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ukapewa nguvu na sheria ndogo. Mtu akipata hati yake ya kimila, inafuata mpango ule. Kilichobaki ni mtu wa mjini kuchangia.

SAUMU: Sasa naomba nituteremshe huku chini, maana moyo wangu uko huku. Pembezoni mwa jiji. Mabokweni, Kiomoni, Amboni, Pongwe. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linamalizikia Chongoleani, kilomita 1,443, na kila mtu anataka kiwanja. Mashamba ya zamani ya mkonge yanakatwa viwanja. Sipingi watu kujenga. Lakini nimeona jinsi eneo la wazi linavyokufa, na halifi kwa siku moja. Mtaa mmoja ninaoufahamu, sitautaja, kulikuwa na bonde lenye miembe, watoto wanacheza mpira, mvua ikinyesha maji yanatulia pale yanazama. Kwenye mchoro wa mipango miji ni eneo la wazi. Kwanza mtu akamwaga kifusi. Hakuna aliyeuliza. Akaja wa pili na tripu za mchanga, "naweka kwa muda". Halafu kikajengwa kibanda cha mbao, halafu msingi, halafu tofali. Siku wazee wa mtaa wanakwenda kulalamika, mwenye nyumba ana karatasi zenye mihuri.

MBWANA: Na maji?

SAUMU: Maji sasa yanapita vyumbani kwa majirani. Yalikuwa na pa kutulia, yamenyang'anywa. Yanakimbia korongoni na taka zote, yanaingia mtoni, mto unamwaga baharini, tope linakwenda kufunika mikoko na matumbawe ambako mvuvi wetu anategemea samaki. Mtu wa kule Amani tunamwambia asilime mtoni, sisi huku tunajaza kifusi bondeni. Hatuna uso wa kumwambia kitu.

MBWANA: Hapo umesema kweli tupu.

SAUMU: Kuna msikilizaji ametuma sauti, anasema yuko Kiomoni, mtaani kwao kuna korongo na uwanda mdogo ambao haujajengwa. Anauliza waanzie wapi.

MBWANA: Waende ofisi ya mipango miji ya halmashauri ya jiji, waombe kuona mchoro wa eneo lao. Ni haki yao. Wajue kwa hakika pale pameandikwa nini. Kama hapajapimwa, ndio wakati wa kuomba patengwe, kabla dalali hajafika.

SAUMU: Kisha wapeleke jambo kwenye mkutano wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari, na nakala wabaki nayo. Neno la mdomo mwenyekiti akibadilika limekwisha.

MBWANA: Na patumike. Mimi nasema hivyo kila siku. Eneo lisilotumika linaonekana halina mwenyewe. Mpakani wapande miti, mwarobaini, mikungu, kitu chenye mizizi. Shule ya jirani ipewe sehemu ya kitalu. Vijana wabaki na uwanja wao wa mpira. Uwanja wa Tangamano pale mjini pamedumu kwa sababu watu wa Tanga wanapatumia, ukijenga ukuta pale asubuhi, kabla ya adhuhuri mji mzima umejua.

SAUMU: Na waandike barua Bodi ya Maji Bonde la Pangani, maana Zigi uko chini yao. Huko kuna jumuiya za watumia maji, na mtaa wenye korongo linaloingia Zigi unaweza kuomba kuingia kwenye mazungumzo.

MBWANA: Kaka wa Kiomoni, ukishauona mchoro tutumie sauti nyingine, utuambie pameandikwa nini. Tutakurudia kwenye kipindi kijacho, na tutamtafuta mtu wa mipango miji akae hapa na sisi tumuulize mbele yenu.