Kamati ya shule na mtoto mwenyewe: mazungumzo na wajumbe wapya

Wazee wangu shikamooni, na nyie wengine habari za saa hizi. Hongereni kwa kuchaguliwa. Najua mmetoka mbali na wengine mna mifugo inawasubiri, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Ukichukua mihutasari ya vikao vya kamati, shule yoyote ile, unakuta madarasa, madawati, mabati, nyumba ya mwalimu, tofali zimefika, saruji imepungua. Mtoto anatajwa kama idadi tu. Kama ana njaa, kama anaogopa, kama anacheza, hamna. Siwalaumu waliotangulia, maana ndivyo kazi ilivyokuja. Mwaka 2002 ulipoanza hapa Tanzania ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kamati zilipewa akaunti ya benki na kazi ya kusimamia ujenzi, watu wakafyatua tofali usiku na mchana, na madarasa yakapatikana. Halafu 2016 ikaja elimu bila ada, ruzuku ikawa inahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, basi kamati zikageuka watu wa risiti. Kazi nzuri, iendelee. Lakini mimi leo nimekuja kuomba kitu kimoja, huyo mtoto anayekaa ndani ya hayo madarasa awe ajenda inayojitegemea, kila kikao, na isiwe ile ya mengineyo pale mwisho watu wanapoangalia saa.

Tuanze na tumbo. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi hajanywa hata chai, anatembea, anakaa darasani mpaka saa nane saa tisa, halafu tunashangaa hajui kusoma. Atasomaje? Pale ambapo chakula cha shule kinafanya kazi mara nyingi utakuta kamati imekaa na wazazi MAPEMA, wakati wa mavuno, mahindi yapo na bei iko chini, kila kaya ikaleta debe lake na maharage kidogo. Ukisubiri Januari uombe hela, mzazi ndio ananunua sare na madaftari, hana kitu, mtagombana bure. Stoo iwe na daftari, kinachoingia kiandikwe na kinachotoka kiandikwe, na mjumbe mmoja apite siku yoyote bila kutangaza aone uji umepikwaje na watoto wangapi wamekunywa. Na hili nawaomba sana jamani, mtoto ambaye kwao hawajachangia msimsimamishe mstarini mkasoma jina lake, wala msimrudishe nyumbani, serikali ilishasema mtoto asifukuzwe kwa sababu ya mchango. Kaya zisizo na uwezo mnazijua kwa sababu mnaishi nazo, kaeni na mwenyekiti wa kijiji mkubaliane kimyakimya nani asaidiwe, na mtoto ale sawa na mwenzake bila hata kujua kilichoongelewa.

Viboko. Hapa najua tutatofautiana, mimi binafsi ningependa fimbo itoke kabisa shuleni, ila hata kama wewe hukubaliani nami tukutane kwenye kanuni. Kanuni zilizopo, za 1979 zikarekebishwa 2002, zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Sasa nyie mna haki ya kuuliza kwa heshima kabisa, mwalimu tunaomba tuone daftari la adhabu. Kama halipo, hiyo ndio ajenda yenu. Utoro mwingi tunaosema ni wa mtoto mkorofi ni wa mtoto anayeogopa. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, kupiga ni bure, iandikeni ukutani kwa rangi mahali ambapo mtoto anaiona.

Vyoo nitapita haraka, kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, kahesabuni wenyewe. Ila mkienda angalieni na kitasa cha ndani na maji, maana binti aliye kwenye hedhi akikosa hivyo viwili anabaki nyumbani.

Sasa michezo na sanaa. Watu wakisikia michezo wanawaza UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na UMITASHUMTA inachukua watoto wachache wenye vipaji, je wale mamia waliobaki? Kipindi chao kipo kwenye ratiba lakini kimeliwa na twisheni na majaribio ya darasa la saba. Ulizeni kimeenda wapi. Halafu uwanja wenyewe, shule nyingi zinaliwa eneo taratibu, leo kibanda kesho ukuta, kwa hiyo fuatilieni mipaka ipimwe kabla uwanja haujaisha.

Na msidharau sanaa. Mwaka 1996 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wa idara ya sanaa, wakiwemo maprofesa Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha Tuseme, wasichana wa sekondari wanatunga maigizo na ngoma kuhusu yanayowasumbua, na mambo ambayo binti asingethubutu kumwambia mwalimu ana kwa ana yakasemwa jukwaani. Hilo halihitaji bajeti kubwa. Kijijini kwenu kuna mzee anajua ngoma, kuna bibi anasuka mikeka, kuna fundi redio, waiteni Ijumaa mchana, mradi mwalimu awepo muda wote, mgeni asiachwe na watoto peke yake hata kama ni mjomba wa mwenyekiti.

La mwisho ni mabinti waliojifungua. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shule, lakini ruhusa haitembei yenyewe mpaka nyumbani. Nawaomba wajumbe akina mama mwende mkaongee na bibi wa huyo mtoto mchanga, maana mara nyingi ishu ni nani atabaki na mtoto asubuhi, na hilo nyie mnaweza kulipanga na familia kabla mwalimu mkuu hajafungua rejista ya mwaka mpya. Haya, maswali. Mama kule nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, karibu.